Mashua Iliyozibwa Ingali Kavu

Sogeza kiti, msikilizaji wangu, na kama una chai mkononi usiiache ipoe kwa ajili yangu. Nitakueleza polepole, kwa sababu habari hii inahusu kazi ya mikono, na kazi ya mikono haielezeki kwa haraka.

Juzi nilipita sokoni hapa Tabora, upande ule wanakokaa wauza asali. Kijana mmoja alikuwa anayeyusha nta kwenye sufuria nyeusi juu ya mkaa, anaikoroga kwa kijiti, anaichuja kwenye kitambaa. Upepo ukanigeuzia moshi usoni. Nikasimama. Mjukuu wangu akanivuta mkono, "Bibi twende, jua kali," lakini miguu ilikuwa imegoma. Yule kijana akadhani nimekuwa mteja.

"Shikamoo mama. Nta safi hii, ya Usinge. Unatengeneza mishumaa?"

"Marahaba, mwanangu. Sitengenezi kitu."

Sikuweza kumweleza pale, mbele ya watu, kwamba kwangu mimi nta ya moto inanukia nyumbani, na kwamba nyumba yenyewe ilikuwa ikielea.

Najua unachofikiri. Tabora na mashua wapi na wapi? Hapa maji tunayoyajua ni ya kisima na ya bwawa. Basi nianze mwanzo. Nilizaliwa Gongoni, hapa hapa Tabora, na nilipokuwa bado sijaota meno yote ya ukubwa, mama alijifungua mapacha akabaki dhaifu. Ikaamuliwa niende kwa wazazi wake hadi apate nguvu. Jirani yetu alikuwa anafuata dagaa Kigoma, nikapandishwa naye treni. Nilibeba mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, na gunia la vipande vya nta ambalo bibi alikuwa ameliagiza. Behewa zima likanukia mizinga. Tulipofika Usinge, wauza asali walichungulia dirishani, wakanusa, wakacheka: "Huyu mtoto mwenzetu!"

Bibi na babu waliishi ndani ya mashua katika Ziwa Tanganyika. Hawakuwa wavuvi. Walikuwa wachuuzi. Baba yake babu alikuja bara na misafara, mzigo kichwani, akapita Tura, akapumzika Tabora, akatembea hadi Ujiji akakuta maji. Wenzake waligeuka na kurudi walikotoka. Yeye akajifunza kuunda mashua. Babu alipenda kuniambia, "Watu husema njia iliishia Ujiji. Haikuishia. Ilianza kulowa tu."

Nitakuonyesha jinsi tulivyoishi, maana siku hizi nikisimulia watu hudhani tulikuwa tunateseka. Mashua ilikuwa na mlingoti mmoja na tanga moja lenye viraka vingi kuliko kitambaa cha asili. Nyuma palikuwa na kibanda cha mikeka, tukilala humo watatu, miguu ikielekea nje. Katikati mizigo: chumvi ya Uvinza, mafuta ya taa, khanga, sindano na viberiti. Mbele kulikuwa na sanduku la mbao lililojazwa mchanga, na juu ya mchanga jiko la bibi. Hapo ndipo maharage ya mawese yalipochemka, na migebuka, samaki wa ziwa lile, ikachomwa hadi ngozi inapasuka. Upepo ndio uliochagua moshi uende wapi, kwa hiyo upepo ndio uliotupangia pa kukaa wakati wa kula.

Kazi ya kwanza ya asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, ilikuwa kufua maji yaliyoingia usiku, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Nilipewa kopo langu. Babu alikaa pembeni akiyatazama yale maji ninayoyamwaga, kama daktari anavyomtazama mgonjwa ulimi. Mashua yoyote ya mbao huvuja kidogo, alinifundisha, na mwenye mashua sharti azijue tabia za uvujaji wake. Mchana, jua likiwa kali, nilizimwagia mbao maji ya ziwa, ubavu huu na ubavu ule, zisikauke zikapasuka. Bibi alishona tanga kwa uzi aliokwisha kuupitisha kwenye nta. Vyombo tulivisugua kwa mchanga. Nilifungwa kamba ya katani kiunoni hadi nilipojua kuogelea, na nilipojua kuogelea niliikosa ile kamba.

Swala nazo zilikuwa na mambo yake. Babu alianza rakaa ya kwanza akielekea kibla, mashua ikageuka taratibu kwenye nanga, akatoa salamu akielekea Kongo.

"Leo umemswalia nani?" bibi alimtania.

"Anayejua nanga zinavyogeuka," alijibu, akakunja mkeka.

Sasa nikufundishe kalafati, na usiogope neno. Kalafati ni kuziba nafasi zilizo kati ya ubao na ubao ili maji yasiingie. Unasokota pamba iwe kama utambi mnene. Unaichovya kwenye mawese yaliyochanganywa na nta kidogo. Unaipeleka kwenye mwanya kwa patasi butu, unaigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, tok, tok, hadi ikae. Hata wewe ungeweza, mimi niliweza nikiwa mtoto. Siri yake ni moja tu. Ubao ukilowa huvimba, na ukivimba unataka nafasi. Kwa hiyo pamba iachwe laini, iweze kubonyea. Na mashua iliyokaa nchi kavu haizibwi ikiwa kavu. Unaizamisha kwanza kwenye maji ya magotini, unaiacha inywe. Ikishiba, mianya mingi hujifunga yenyewe. Iliyobaki wazi ndiyo unayoiziba. Babu aliita hivyo kuinywesha, na aliniambia nikisahau mengine yote nisisahau hilo.

Tulikwenda kusini kijiji kwa kijiji, tukirudi na mawese na muhogo mkavu. Tukikaribia ufuko, bibi alipiga mfuniko wa sufuria, watu wakateremka na vikapu. Katika vijiji vyote hivyo, kimoja kilikuwa cha bibi hasa. Kilikaa juu ya ghuba ndogo yenye mawe madogo meupe, nyumba zikipanda mlima kwa safu. Huko aliishi somo yake. Kama hujakulia katika desturi hiyo, somo ni yule mwanamke anayekuchukua unapovunja ungo, akakuweka ndani na kukufunza utu uzima, na ukabaki wake maisha yote. Huyu alikuwa ameolewa Tabora miaka mingi, akamfunza bibi huko Gongoni. Alipofiwa na mume akarudi ziwani alikozaliwa. Bibi alipoolewa na mtu wa mashua, watu wa Tabora walimpa pole. Yeye alifurahi, kwa sababu maji yalikuwa yanampeleka kwa somo yake.

Nakumbuka nilivyomwona mara ya kwanza. Mwanamke mrefu, mkavu, jembe begani, kasimama juu ya mawe anatupigia kelele kabla hatujatia nanga.

"Mabata hao wamefika! Mkwe wangu wa majini, umeniletea chumvi au umeniletea njaa yako tu?"

"Chumvi ipo, mkwe," babu alijibu. "Na njaa ipo, usiibague."

"Shikamoo somo," bibi alisema, akipiga goti kwenye maji.

"Marahaba. Hebu geuka nikuone. Umekonda! Huyu mwanamume anakulisha mawimbi? Na haka kabata kadogo katoka wapi?"

"Mjukuu wako, katoka Tabora."

"Katoka Tabora kuja kuolewa na samaki? Njoo mwanangu, njoo ukanyage kitu kisichotikisika."

Alitupikia jogoo. Yeye na bibi walizungumza tangu adhuhuri hadi jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, wakicheka kwa sauti ambayo bibi hakuwa nayo mahali pengine popote. Lakini kulala kwetu alikataa siku zote. "Siwezi kufumba macho ndani ya kitu kinachopumua," alisema. Na kweli, ukilala kwenye mashua unaisikia inapumua. Mimi hadi leo, nikiwa kitandani Gongoni, huwa nangoja kitanda kivute pumzi.

Ndipo ikaja habari ya vijiji vya ujamaa. Wewe umeisoma, au wazee wako wamekusimulia: kila mtu akae kijijini, tulime pamoja, tusome pamoja, dawa ziwe karibu. Sitaki nikudanganye kwamba ulikuwa ubaya mtupu. Mimi nilijifunzia kusoma katika kijiji kipya tulichopangiwa, chini ya bati, bila ada. Mwenyekiti wetu alikuwa kijana mwenye heshima. Alikuja ufukoni, akavua viatu, akaingia majini hadi magotini ili azungumze na babu.

"Shikamoo mzee. Tunawaomba mshuke. Kijiji hakiwezi kupanga mambo ya watu wanaoelea."

"Marahaba. Hatuelei ovyo, mwanangu. Tunatia nanga."

"Najua. Lakini huyu binti atasomea wapi humo ndani? Atasoma mapezi ya samaki?"

Babu alicheka, na kicheko kilimlainisha. Mashua, mwenyekiti alieleza, ingekuwa ya kijiji, ya kubebea mazao na kupelekea wagonjwa zahanati, na babu angekuwa nahodha wake. Tulijengewa nyumba ya udongo. Mashua ikavutwa juu ya magogo, ikakaa kwenye jua kiangazi kizima. Wiki za mwanzo bibi akikaa kwenye kigoda alikuwa anayumba kidogo kushoto na kulia, bila kujua, huku nyumba imetulia tuli. Na mashua ile, kila nikipita, ilikuwa inalia tik, tik, mbao zikiachana.

Karibu na mwisho wa kiangazi, boti la mashine likaleta watu wa ile ghuba ya mawe meupe. Walishuka na vitanda, mitungi, na miti ya mapaa yao, maana walikuwa wameambiwa waezue nyumba waje na miti yake, na pia wasipate pa kurudi. Bibi alisimama ufukoni akitazama kila uso. Watu wakaisha. Akamshika mkono mke wa mpwa wake somo.

"Mama yenu yuko wapi?"

Yule mwanamke aliinamisha kichwa. "Alisema anakwenda kuchota maji. Tukamngoja. Boti likapiga honi, hakutokea. Tukaita. Wenye boti wakasema ataletwa awamu ya pili."

"Na awamu ya pili ni lini?"

"Hawakusema."

Boti lilikwenda kaskazini, na kisha mafuta yakawa hayapatikani. Bibi alikuwa akitazama mawingu yanayoanza kujikusanya juu ya ziwa. Barabara ya kwenda kule haikuwepo. Njia ilikuwa moja, nayo ilikuwa juu ya magogo, kavu kama kuni.

Babu alizunguka mashua akiingiza kidole kwenye mianya. Kidole kiliingia. "Tuizamishe leo," alisema. "Inywe hadi ishibe. Kisha tuzibe, tuondoke."

"Na somo yangu anywe nini akingoja? Wameezua. Mvua iko njiani. Hana chumvi, hana kiberiti, hana wa kumwambia shikamoo."

"Mashua kavu haizibwi, mke wangu. Unajua."

"Najua. Ziba."

Nilikuwepo, nimekaa juu ya lile gunia la nta. Babu akachukua nyundo. Tulifanya kazi hiyo kwa namna ambayo hakuna fundi angetufundisha. Mianya ilikuwa mipana, kwa hiyo pamba iliingia nyingi, na ikagongwa hadi ikawa ngumu kama mpini. Bibi aliyeyusha nta yote, akakataa kuichanganya na mawese ya kutosha, akaimimina juu ya pamba inachemka. Jioni ubavu wa mashua ulikuwa laini kama sinia. Majirani walikuja kuugusa. Mwenyekiti naye akaja. "Nendeni mkamlete," alisema. "Nyumba yake nitaisimamia mimi mwenyewe. Mwambieni ni ya pili kutoka zahanati."

Tuliondoka alfajiri, na upepo wa nchi kavu. Siku ile ya kwanza halikuingia hata tone. Nilishika kopo langu sikuwa na cha kumwaga. Bibi akapigapiga ubao kwa kiganja.

"Umeona nta ya Unyamwezi?"

Babu alikuwa amelaza sikio kwenye mbao.

"Mbona umenuna? Haijavuja!"

"Mashua yangu huvuja," babu alisema.

Nilikwenda kusikiliza na mimi. Kulikuwa na mlio humo ndani, kama mtu anayejivunja vidole kimoja kimoja. Mbao zilikuwa zinakunywa, zinavimba, na kila zilipotafuta nafasi zilikuta pamba ngumu na nta. Hazikuwa na pa kwenda. Asubuhi ya pili, wakati tunapiga kasia karibu na miamba, ukasikika mpasuko mmoja mkubwa. Ubao wa chini ulikuwa umejing'oa kwenye mbavu za mashua. Maji yakaingia kama yaliyokuwa yanangoja nje.

Babu alisokomeza blanketi, kisha mkeka, kisha akaukalia. Bibi na mimi tukafua maji, yeye kwa sufuria, mimi kwa kopo. Hakuna aliyesema turudi. Upepo wa kusini ulikuwa unatupinga usoni, ungetufaa wakati wa kurudi, na babu alisema jambo moja tu: "Tukifika hatulali. Tunamchukua, tunageuza."

Tuliingia ghubani mchana. Bibi alipiga mfuniko wa sufuria kama kawaida yake. Mlio ukapanda mlimani, ukarudi. Hakuteremka mtu.

Babu alibaki kwenye mashua akifua maji. Bibi akajifunga khanga vizuri, akanishika mkono, tukapanda. Wewe uliyezoea kijiji chenye watu huwezi kujua ukimya ule ulivyo. Nyumba zote zilikuwepo, kuta zake, madirisha yake, lakini juu hazikuwa na kitu. Jua liliingia ndani ya vyumba ambavyo havikuwahi kuliona. Mafiga yalikuwa mahali pake. Kwenye ukuta mmoja palikuwa bado na alama ya mgongo wa mtu aliyezoea kuegemea hapo, iking'aa kwa mafuta.

Njia ilipita kwenye nyua za watu. Katika kila uwanja bibi alisimama. "Hodi hapa. Tunaomba njia." Akangoja kidogo, ndipo tukapita.

"Bibi, hakuna watu."

"Nimeona."

"Sasa unamwomba nani?"

"Nyamaza, mama."

Nyumba ya somo ilikuwa ya mwisho, karibu na migomba. Tulipoiona, mkono wa bibi ukanibana. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Mistari ya ufagio ilikuwa mipya, na haikuwa imekanyagwa. Kona moja ya nyumba ilikuwa imefunikwa kwa majani ya migomba. Mtungi ulikuwa na mfuniko, na mfuniko ulikuwa na maji juu yake.

Bibi hakuikanyaga ile mistari. Alisimama pembeni ya uwanja, nami nyuma yake.

Hodi, msikilizaji wangu, ni mara tatu. Ya kwanza mwenye nyumba ajue upo. Ya pili umpe nafasi ya kujisitiri. Ya tatu ndiyo unaomba. Asipoitikia, unakwenda zako, wala humkasirikii, kwa maana kutoitikia nako ni haki ya mwenye nyumba. Haya bibi alifunzwa akiwa mwari, ndani ya chumba cha Gongoni, na aliyemfunza ni yule aliyekuwa mwenye uwanja huo.

"Hodi," bibi akasema.

Migomba ilitikisika kwa upepo.

"Hodi, somo."

Hapo kuku akalia. Ni nyuma ya migomba, karibu sana. Alilia mara moja, sauti ikakatwa katikati, kama kuku aliyebanwa kwapani akashikwa mdomo kwa vidole. Niliruka. Bibi akanidaka kwa gauni.

"Yuko pale!" nilisema.

"Najua."

"Tumfuate basi! Tumchukue!"

"Waliokuja na boti nao walitaka kumchukua," bibi alisema, taratibu sana. Kisha akapaza sauti, akizungumza na ile migomba. "Somo, ni mimi. Ni mabata wako. Hatuna honi. Tumekuja na mashua, nayo inazama, mume wangu ameukalia ubao. Siwezi kukaa. Kuna nyumba huko, wamekuwekea, ya pili kutoka zahanati. Ukija nitakaa na wewe humo humo. Usipotaka, sema hutaki. Nitukane tu nisikie sauti yako."

Hakuna kitu. Kutoka chini, ufukoni, babu akaanza kupiga mfuniko wa sufuria, kwa haraka, bila kupumzika. Ilikuwa na maana kwamba maji yanamshinda.

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimezaa, nimezika. Sijaona mtu mwingine akisimama kama bibi alivyosimama pale. Angeweza kupiga hatua chache tu. Mimi peke yangu ningeweza kumtoa mle kwa kelele.

"Hodi," akasema mara ya tatu.

Akangoja. Mfuniko ulikuwa unalia chini. Akangoja tena, zaidi ya inavyotakiwa. Halafu akaweka chini mfuko wa chumvi, nje ya mistari ya ufagio. Akaweka viberiti juu yake. Akafungua khanga aliyojitanda, akaikunja vizuri, pindo kwa pindo, akaiweka juu ya vyote na jiwe dogo juu yake. Akanishika mkono tukateremka, naye kichwa wazi, mimi nikigeuka nyuma kila hatua. Sikuona mtu.

Maji yalikuwa yamefika kwenye sanduku la jiko. Babu alitutazama wawili, akatafuta wa tatu.

"Yuko wapi?"

"Yuko kwake," bibi alisema, akachukua sufuria na kuanza kufua maji.

Upepo wa kusini ulituchukua hadi nyumbani, nusu tukielea nusu tukizama. Mashua ile haikupona. Ubao mmoja ukijing'oa hivyo huvuta wenziwe, na babu alisema mwenyewe ivunjwe. Mbao zake zikawa milango ya vyoo vya shule. Mvua zikaanza wiki ile ile, mvua nzito, milima ya kusini hatukuiona. Mvuvi mmoja aliyerudi kutoka huko alituambia ameona moshi ghubani. Baadaye mwingine akapita, akasema hakuona. Bibi hakumwuliza wa tatu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa neno lake. Nyumba ya pili kutoka zahanati hakumpa mtu, hata watu walipolalamika, hadi paa likaanguka lenyewe.

Nilirudi Tabora mama alipopata nguvu, na miaka michache baadaye babu na bibi wakaja Gongoni kuzeekea kwetu. Waliishi vizuri. Walitaniana kama zamani. Lakini sikuwahi kumsikia babu akisema, "Laiti ningeinywesha," wala sikuwahi kumsikia bibi akitaja ile nta. Mimi ndiye ninayeyataja, tena moyoni tu. Mashua ingekuwa nzima, tungetia nanga tukalala. Bibi angepika wali ufukoni, harufu ingepanda. Babu angetania kwa sauti. Ninavyomkumbuka mwanamke yule, asingevumilia hadi asubuhi kusikia wenzake wanacheka chini bila yeye kujibu. Hilo ndilo linalonirudia. Tulikuwa na upendo wa kutosha kwenda, na kwa ajili ya upendo huo huo hatukuwa na muda wa kungoja mbao zilowe.

Leo mashua za kuishi hakuna. Mabati ya zahanati ile yamebadilishwa mara kadhaa, na watoto wa huko hawajui kwamba safu za mawe kule kusini zilikuwa nyumba. Lakini si ziwani tu. Huku kwetu pia, ukitoka Tabora kufuata njia ya zamani ya misafara, au ukiingia misitu ya upande wa Usinge, utakuta mahame: sakafu ya nyumba imeota majani, ua wa minyaa uliobaki bila mji, mafiga matatu chini ya kichaka. Watu huyapita wakitafuta kuni na uyoga, wakizungumza mambo yao.

Wewe ukifika mahali kama hapo, simama nje ya uwanja. Ita hodi mara tatu, ukingoja kidogo kila mara. Usipoitikiwa, zunguka kwa pembeni, uende zako.